Hotuba ya Mwenyekiti: Sanduku Likifunguliwa, Sufuria Ingoje



Katika wale tulioanza nao mwaka 2015, wawili wametangulia mbele ya haki. Tunawaombea. Tulianza tukiwa 15 na leo tuko 28. Hisa tulianzia shilingi 2,000, sasa ni shilingi 5,000. Hesabu za miaka kumi Katibu amezipanga vizuri katika kitabu hiki, na yeye ana mwandiko mzuri kuliko sisi wa darasa la saba, kwa hiyo hatutazirudia hapa.

Kamati ilituomba tuseme jambo ambalo kikundi kimejifunza. Tulikaa, tukaanza kutaja: kuweka akiba, kupendana, kurudisha mkopo kwa wakati. Yote ni kweli, lakini hayo kila kikundi husema siku ya sherehe. Ndipo mama mmoja akauliza, mbona lile jambo lenyewe hatulisemi? Tukatazamana. Basi leo tumeamua kulisema, na mwenyewe tumemwomba ruhusa, akakubali, ila amesema asitajwe jina.

Jamani, sisi wanawake tunajisifu kwamba tunaweza kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, na hatusemi uongo. Asubuhi ya mama hapa Muheza mnaijua. Maharage yako jikoni, mtoto yuko mgongoni, mwingine anatafutiwa soksi ya shule, nje kuna mtu anaita anataka maandazi ya mia tano, na mama huyo huyo anafagia uani kwa mkono mmoja. Msimu wa machungwa ndiyo usiseme. Mtu anachuma, anahesabu, anabishana na dalali, na chungu kiko motoni. Bibi zetu walitembea na mtungi wa maji kichwani, mtoto mgongoni na jembe mkononi, na njiani wakasuka ukili. Hatukuanza sisi.

Wazee walisema mshika mawili moja humponyoka. Lakini wazee hao hao ndio waliotulea kwa kushika manne. Sasa tumfuate nani? Sisi tumechukua miaka kadhaa kulielewa jambo hili, na tulilielewa kwa hasara.

Mwaka 2016 kikundi kilikuwa na kazi moja tu, sanduku. Wasiojua sanduku letu tuwaeleze kidogo. Ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake wanazo wanawake watatu wanaokaa nyumba tatu mbalimbali. Halifunguliwi ila siku ya mkutano, Jumatano saa tisa alasiri, mbele ya wote. Kila mwanachama ananunua hisa kuanzia moja mpaka tano, anagongewa muhuri katika kitabu chake, anatoa na mchango wa mfuko wa jamii wa kusaidiana wakati wa msiba na ugonjwa. Mwenye shida anakopa, na mkopo hauzidi mara tatu ya akiba yake. Akirudisha anaongeza kidogo, shilingi kumi kwa kila mia. Mwisho wa mwaka tunavunja, kila mtu anapata mgao wake kwa kadiri ya hisa zake. Utaratibu huu hatukuuvumbua sisi. Tuliambiwa na waliotufundisha kwamba mfano wake ulianzia kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991, watu wengi wao wasiojua kusoma. Ndiyo maana una sheria ambazo mtu asiye na shule anaweza kuzishika kichwani.

Sheria mojawapo ni hii, na muikumbuke kwa sababu tutairudia. Kabla ya kufunga sanduku, salio linatangazwa kwa sauti, na kila mwanachama analikariri. Mkutano unaofuata, kabla ya kugusa fedha, tunaulizwa: tuliacha kiasi gani? Wote tunajibu. Kufuli tatu zinazuia mwizi. Ila makosa ya hesabu hayavunji kufuli, na dawa yake ni vichwa vya watu wote kuwa pale.

Basi mambo yakaenda vizuri, tukapata sifa. Wageni wakaja, wakatuuliza mna miradi mingapi? Tukijibu sanduku tu, tunaona wanaandika kidogo sana. Tukaona haya. Kufika mwaka 2018 tulikuwa na miradi mitano: sanduku, kuku wa nyama, upishi wa shughuli, sabuni ya maji, na viti vya kukodisha. Wanachama tulikuwa 21. Ukigawa, kila mradi una watu wanne na ushee, lakini hatukugawa. Tulisema sote ni wa yote. Ndipo ilipokuwa shida, maana jambo la wote kwa saa ile ile halina mwenyewe.

Kuku ndio walioanza. Tulinunua vifaranga 200. Kifaranga wa siku za mwanzo hajui kujitafutia joto, hasa usiku, lazima jiko la mkaa liwemo bandani na mtu aliangalie. Usiku wa tatu waliokuwa zamu walikuwa pia na sabuni ya kukoroga, kwa sababu mteja alitaka madumu yake asubuhi. Wakajisemea, tutakoroga huku tunachungulia. Sabuni ilitoka nzuri sana. Jiko lilizimika saa wasiyoijua wao wala sisi. Vifaranga wakisikia baridi hukimbilia kona moja na kulaliana, wa chini wanakosa pumzi. Asubuhi tulikuta wazima 63. Hatukumlaumu mtu, tukasema ni bahati mbaya. Laiti tungejiuliza siku ile.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa sita, mwaka huo huo 2018. Tulikuwa na kazi ya kupika pilau ya harusi, mchele kilo 40, na ilikuwa siku yetu ya mkutano. Mtu mwenye akili angesema tuahirishe kimoja. Sisi tukasema hapana, sisi ni wanawake, tunaweza. Tukalichukua sanduku mpaka uani kwa wenye harusi, tukatandika mkeka nyuma ya jiko, tukalifungua hapo.

Mtupe nafasi tuwaeleze ilivyokuwa. Wahesabu fedha wawili mikono yao ilikuwa na mafuta. Katibu aliandika huku akiitwa, mara chumvi iko wapi, mara vitunguu vimetosha? Anaweka kalamu, anaondoka, anarudi. Watunza funguo wawili walikuwa kwenye nyama. Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyepaswa kusimamia mkutano, alikuwa na simu sikioni anagombana na mtu wa viti. Hatumsingizii, tunamfahamu vizuri sana. Tulipofika mwisho, daftari lilisema fedha iwe kiasi fulani, na fedha iliyokuwa juu ya mkeka ilipungua kwa shilingi 165,000.

Tukahesabu tena. Tukahesabu mara ya tatu, pilau inaanza kunukia kuungua. Salio la mwanzo tukaulizana tuliacha ngapi, kila mtu na lake, kwa sababu siku ile wakati wa kuulizwa nusu ya watu walikuwa wanapepeta mchele.

Mmoja wa watunza funguo alikuwa ametoka mara moja kwenda kwake kuchukua ndoo, na mkoba wake begani. Hatukumbuki nani alisema wa kwanza. Labda hakuna aliyesema, tulimtazama tu. Tukamwambia atoe vitu kwenye mkoba. Akatoa. Tukamwambia afungue fundo la kanga. Akafungua. Mlikuwamo shilingi elfu tatu na dawa ya mtoto. Watoto wake wawili walikuwa wamekuja kula ubwabwa wa harusi, walikuwa wamesimama pale.

Hakusema neno. Alimaliza kazi yake, akaosha sufuria yake, akaondoka. Wiki iliyofuata alileta ufunguo, akadai hisa zake, tukampa. Ile 165,000 tukajichangisha sote tukaijaza, na kila aliyechanga moyoni alijua anamlipia nani. Miezi sita tulipishana naye kisimani na sokoni. Wengine tulimsalimia, wengine hawakumsalimia.

Mwezi wa kumi na mbili ikafika siku ya mgao. Siku ya mgao ni lazima vitabu vya wanachama wote vikusanywe na kulinganishwa na daftari kuu, mstari kwa mstari. Katibu akafika ukurasa wa mwezi wa sita, akanyamaza. Marejesho ya mikopo ya wanachama wawili, mmoja shilingi 110,000 na mwingine 55,000, yalikuwa yameandikwa mara mbili. Aliyaandika, akaitwa chumvi, akarudi akayaandika tena. Katika vitabu vya wenyewe yalikuwa mara moja tu.

Jumlisheni wenyewe.

Fedha haikupotea hata senti. Kilichopotea ni mwenzetu, na tulimpoteza wenyewe.

Kamati ya watu watano ilikwenda kwake na sukari kilo mbili na doti ya kanga. Mara ya kwanza hakufungua mlango. Mara ya pili alifungua, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Siku ile mlikuwa ishirini mkinitazama. Leo mbona mmekuja watano?" Tukarudi na kanga yetu. Jumapili yake tulikwenda sote ishirini, na watoto wake tukaomba waitwe, tukasema mbele yao kwamba mama yenu hakuiba, sisi tulikosea hesabu. Alilia, tukalia. Lakini hakurudi siku ile, na tusiwadanganye kwamba alirudi. Alirudi mwaka 2020, kwa wakati wake mwenyewe.

Baada ya hapo tulikaa kikao kirefu kuliko vyote. Wengine walitaka kufuta miradi yote tubaki na sanduku. Wengine wakasema mwanamke mwenye kazi moja yuko hatarini, bei ya machungwa ikianguka atakula nini? Wote walikuwa na haki. Tulipokwama, Bibi Maendeleo wetu alitusomea habari ya wataalamu watatu wa Marekani, Rubinstein, Meyer na Evans, waliotoa utafiti wao mwaka 2001. Waliwapa watu kazi mbili za kichwa, kwa mfano hesabu na kupanga maumbo, wakawa wanawabadilishabadilisha, mara hii mara ile. Wakaona kwamba kila mtu anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine anapoteza muda, na kazi ikiwa ngumu au ngeni muda unaopotea unazidi. Kumbe kichwa hakizifanyi mbili pamoja, kinarukaruka, na kila kikiruka kinaanza kwa kujiuliza: nilikuwa wapi? Mama mmoja akasema, "Hao wangekuja kwetu siku ile ya pilau wasingehitaji utafiti."

Hapo ndipo tulipoelewa habari ya bibi zetu. Mtungi ukishazoea kichwa, shingo ndiyo inayojua, bibi hafikirii mtungi. Ukili vidole ndivyo vinavyojua. Maharage yanajichemkia. Kazi za namna hiyo zinaweza kupanda gari moja na kazi nyingine, hazigombanii kiti. Lakini kuhesabu fedha, kuandika daftari, kumpimia mtoto dawa, kumsikiliza mtu mwenye shida, hizo zinataka kichwa kizima. Ukiziweka mbili, moja inashuka njiani bila kukuaga.

Kwa hiyo hatukufuta kila kitu. Tuliamua kikundi kibaki na kazi mbili, sanduku na upishi, na zisikutane siku moja. Jumatano hatupiki, hata aje nani. Mwaka 2023 tuliikataa kazi ya watu 500 kwa sababu ilikuwa Jumatano, na roho ilituuma, tusiseme uongo. Banda la kuku tuliuza. Sabuni waliichukua wanachama wawili ikawa yao, na sasa inawalipa kuliko ilivyotulipa sisi ishirini na moja. Viti tuliviuza, na wa kugombana naye kwenye simu hayupo tena.

Kila mwanachama nyumbani kwake ana shughuli zake tatu nne, na hilo hatumkatazi mtu. Kuwa na kazi nyingi ni riziki. Ubaya uko katika kuzipa saa moja.

Hapa kuna jambo ambalo kina baba mtatuwia radhi. Bwana akikata kuni, anakata kuni. Hakuna anayemuuliza mtoto yuko wapi au chumvi imebaki. Kwa hiyo yeye kufanya kazi moja kwa wakati ni rahisi, amepewa nafasi hiyo na mtu mwingine aliyeshika yote yaliyobaki. Sisi tulipoweka sheria kwamba wakati wa kuhesabu kila mtu atulie, wiki ya kwanza sheria ilivunjwa na watoto wachanga wanne. Huwezi kumwambia mama tulia na wakati huo titi liko mdomoni. Tukaona kutulia kunahitaji wasaidizi. Sasa kila Jumatano wanachama wawili wana zamu ya watoto, wanakaa nao chini ya mwembe wa pili mpaka sanduku lifungwe, na hisa zao wanakuwa wameshazinunua mwanzo. Simu zote zinaingia kwenye kikapu, pamoja na ya Mwenyekiti. Faini ya simu ni shilingi 1,000, na Mwenyekiti ameshailipa mara tatu. Mhesabu akianza kuhesabu haongeleshwi. Katibu haiti mtu wala haitwi. Kila ukurasa ukimalizika anausoma kwa sauti kabla ya kufungua mwingine. Mkutano uliokuwa ukichukua saa tatu sasa ni saa moja na nusu, na maulidi na kwaya zetu tunaziwahi.

Mwaka 2018 ikatoka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, na vikundi kama vyetu vikatakiwa kujisajili. Wengi waliogopa madaftari. Sisi tulipoyapeleka yetu, ukurasa ule wa mwezi wa sita tuliuacha kama ulivyo, na mistari miwili imekatwa kwa wino mwekundu. Katibu alitaka kuunakili upya. Tulimkatalia.

Yule mwenzetu aliporudi alisema anarudi ila ufunguo hataki kuushika tena maishani. Tukakubali. Mwaka 2022 tulipochagua viongozi, alipendekezwa kuwa mhesabu fedha, akakataa, akapendekezwa tena, akanyamaza, tukapiga kura. Ndiye anayehesabu mpaka leo. Akihesabu hata nzi hatui. Na ile doti ya kanga iko kwa Mweka Hazina, imekunjwa. Hatujamuuliza tena kama anaitaka, na yeye hajaiulizia.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumekuchosha. Chakula kiko tayari. Waliopika ni wanachama sita ambao hawakuingia humu ndani tangu asubuhi, wala hatukuwaita, tunaomba mkitoka muwapigie makofi. Tumeona baadhi yenu mmekuja na bahasha za kutuchangia, tunashukuru sana. Tunaomba kila mmoja aandike jina juu ya bahasha na kiasi kilichomo, aitumbukize katika sanduku hilo dogo mlangoni. Msishangae kwamba hatutatangaza leo tumepata kiasi gani. Ngoma inaanza sasa hivi. Bahasha zitafunguliwa Jumatano saa tisa, chini ya mwembe, na anayetaka kushuhudia anakaribishwa, ila simu yake aje tayari kuiweka kikapuni.

Karibuni mezani. Watoto waanze.